Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Utafiti: mlipima vichwa vyetu na makoo ya watoto wetu, majibu yako wapi?

Mkurugenzi wa Utafiti,
(Jina la taasisi nimelihifadhi. Mwenyewe unajifahamu.)
Dodoma.

YAH: MREJESHO WA TAFITI MBILI ZILIZOFANYIKA KIJIJINI KWETU

Ndugu Mkurugenzi,

Mbukwenyi. Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, na katika kijiji hicho hicho ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Vyeo vyote viwili havina mshahara wa maana, ila vinanipa watu wengi wa kuniuliza maswali. Wanakikundi wanauliza ile kofia yenye nyaya iliona nini vichwani mwao. Akina mama wanauliza vile vijiti vya pamba vilivyoingizwa makooni mwa watoto wao vilitoka na nini. Timu zote mbili zilitumwa na taasisi yako, zikaja na magari yenye nembo moja na fomu za ridhaa zenye nembo hiyo hiyo, na zote mbili ziliahidi mbele ya mkutano wa kijiji kwamba zitarudi na mrejesho.

Sikukimbilia hadharani. Nilianza na namba ya simu iliyoandikwa chini ya fomu ya ridhaa, haipatikani. Tukaandika barua iliyopitia kwa Mtendaji wa Kijiji. Nikafika mapokezi kwenu, nikajiandikisha kwenye kitabu cha wageni, nikakaa kwenye benchi. Mara nikaambiwa mkuu wa mradi yuko masomoni, mara yuko fildi, mara faili limepanda juu. Nakala ya barua yetu yenye muhuri wa IMEPOKELEWA ninayo mkononi hadi leo. Barua ilipokelewa vizuri sana, tatizo ni kwamba haikujibiwa.

Kabla ya malalamiko, niseme wazi kwamba hatupingi utafiti. Hapa katikati ya nchi tunajua faida yake kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa jirani zetu wa Kongwa, kuanzia miaka ya 1980, watafiti wa hapa nchini pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani waliuchunguza trakoma, ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Bakteria huyo huhama kwa vidole, kwa kanga inayofuta nyuso za watoto watatu, na kwa nzi. Akimrudia mtoto mara nyingi, miaka ikipita kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho mpaka mtu anapofuka. Watafiti wale waligawa dawa, kisha katika baadhi ya vijiji wakahamasisha pia watoto wanawishwe uso. Matokeo yalichapishwa 1995 katika jarida la Lancet: kwenye vijiji vilivyohamasishwa watoto wengi zaidi walidumu na nyuso safi, na trakoma kali ilipungua zaidi. Leo usafi wa uso ni nguzo mojawapo ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza ugonjwa huo. Wanavijiji wa Kongwa walijitolea, na kilichopatikana kwao kikarudi kwao kwa namna ambayo mama yeyote anaweza kuitumia asubuhi akiwa na kata ya maji. Hicho ndicho kipimo tunachokushikia, na kiliwekwa hapa hapa mkoani kwetu.

Sasa malalamiko yetu.

1. Makoo ya watoto. Hili ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Timu ya bakteria ilikaa kwenye darasa moja la shule ya msingi. Mtoto anaingia, anakaa kwenye dawati, anapanua mdomo, kijiti cha pamba kinagusa nyuma kabisa ya koo, mtoto anataka kutapika, kijiti kinafungwa kwenye kichupa na kuingia kwenye boksi la barafu. Kisha biskuti na kalamu. Fomu ilisema wanatafuta bakteria wanaosababisha magonjwa ya koo na kifua, na kama bakteria hao wamekuwa sugu kwa dawa. Wazazi waliweka saini, na wasioandika waliweka dole gumba.

Ndugu Mkurugenzi, wewe unajua kuliko mimi kwamba mmoja wa bakteria wanaotafutwa kwa kijiti cha namna hiyo ni Streptococcus pyogenes. Kooni huleta maumivu na homa ambayo mara nyingi huisha yenyewe. Lakini kwa baadhi ya watoto, wiki chache baadaye, kingamwili zilizotengenezwa kupambana na bakteria huyo hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe: maungio yanavimba, vali za moyo zinaharibika. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na inaacha watoto na moyo mbovu maisha yote. Kinachoumiza ni kwamba inazuilika. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaizuia homa hiyo. Inatosha hata sindano moja ya benzathini penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu.

Kuotesha bakteria kutoka kooni hakuchukui msimu mzima. Sampuli inapakwa kwenye sahani yenye chakula kilichochanganywa na damu, inaingia kwenye inkubeta usiku kucha, na kufikia siku ya pili au ya tatu mteknolojia wa maabara anajua kilichoota. Kupima usugu kunaongeza siku moja hivi: vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa vinawekwa juu ya sahani, na pale dawa inapofanya kazi bakteria hawaoti, panabaki duara tupu. Kwa hiyo ndani ya wiki ile ile mliyoondoka kijijini, kuna mtu kwenye maabara yenu aliyekuwa na orodha. Kwenye orodha hiyo kuna namba, na nyuma ya kila namba kuna mtoto ninayemjua kwa jina. Aliyeiona orodha aliifanyia nini?

Sisemi kuna mtoto wa kwetu aliyeharibika moyo kwa sababu yenu. Nasema mzazi hana namna ya kujua, na wenye kujua ni ninyi.

Kuhusu usugu ni hivyo hivyo. Mradi wenu ulikuja kwa jina la UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Hilo si jambo la kuchezea. Makadirio yaliyochapishwa katika Lancet 2022 yalionesha kwamba bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Na hapa jirani, utafiti uliochapishwa 2013 kutoka Kongwa ulionesha kwamba miezi 6 baada ya kugawiwa azithromaisini ya trakoma, watoto wadogo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba nimokoki, bakteria wa nimonia, waliokuwa sugu kwa dawa hiyo. Hiyo ni taarifa ambayo mganga wa zahanati anaihitaji leo mchana, akiwa na mtoto anayehema mbele yake na rafu yenye aina chache tu za antibayotiki. Kama mmegundua kwamba dawa fulani haifanyi kazi kijijini kwetu, zahanati yetu inaendelea kuitoa kwa sababu hakuna aliyeiambia.

2. Kofia yenye nyaya.

Timu ya pili ilikuja kuchunguza muziki unavyofanya kazi kwenye ubongo. Wakachagua kikundi chetu, na tulifurahi, nisikudanganye. Walitandika mikeka, wakawasha jenereta, wakafungua kompyuta, wakawavalisha akina mama wapiga muheme kofia ya kitambaa yenye vifungo vya chuma vinavyonasa umeme mdogo sana wa ubongo. Kisha wakawaomba wakae bila kutikisika.

Muheme, Ndugu Mkurugenzi, ni ngoma inayobanwa mapajani na kupigwa kwa mwili mzima. Mama mmoja aliuliza: “Sasa kama nimekatazwa kutikisika, mnapima muheme au mnapima mimi nikiwa nimekaa?” Kijana wenu alieleza vizuri kwamba misuli ya shingo na uso inatoa umeme mwingi kuliko ubongo, mtu akitikisika mashine inasoma misuli. Tukaelewa. Waliwawekea spika masikioni: kinanda cha Kizungu kwanza, kisha zeze. Tukaambiwa tutaletewa picha za mawimbi ya kila muziki. Bado tunazisubiri.

Lakini swali kubwa ni la mzee wetu. Ni mpiga zeze, na alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia umelegea, na maneno yamemwondoka. Ukimuuliza jina la mkewe anakutazama, midomo inatafuta, haipati. Ukianzisha nindo, wimbo wetu wa Kigogo, anaingia kwenye sauti yake na kuimba ubeti mzima, maneno yote, bila kukwama. Watafiti wenu walipomsikia waliacha kila kitu. Walimrekodi asubuhi, wakamrekodi jioni, wakarudi kesho yake na mtu mwingine mkubwa zaidi aliyetikisa kichwa na kuandika sana. Kisha wakapanda gari.

Familia yake haijui kwamba jambo hilo linajulikana kwa madaktari wa mishipa ya fahamu. Mimi nimelijua kwa kusoma kwa simu, bando la usiku. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo kinaweza kuua kusema na kuacha kuimba, na huko Boston tangu 1973 wataalamu waliandika njia ya kumrudisha mgonjwa kwenye maneno kupitia wimbo: anaimba sentensi fupi ya kila siku, “naomba maji”, huku akigonga kila silabi kwa mkono wa kushoto, kisha wimbo unapunguzwa kidogo kidogo mpaka yabaki maneno. Haimsaidii kila mtu, na inahitaji mtu aliyefunzwa kuianzisha. Na huko Helsinki, utafiti uliochapishwa 2008 uliwagawa wagonjwa 60 wa kiharusi katika makundi matatu. Waliosikiliza muziki angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili waliongoza katika kukumbuka maneno na kushika mawazo, kuwashinda waliosikiliza hadithi zilizosomwa na wale ambao hawakupewa cha kusikiliza. Muziki wenyewe walijichagulia. Hapo nilifikiria kile kinanda mlichomwekea mzee wetu masikioni.

Watu wako wanayajua haya yote. Ndiyo kazi yao. Walikaa na mzee mwenye tatizo lililo kwenye vitabu vyao, mbele ya mke wake na wajukuu wenye muda na nia ya kumfanyisha mazoezi, wakaondoka bila kuacha hata karatasi moja ya maelekezo. Mkewe bado ananiuliza kama alifaulu ule mtihani.

3. Timu zenu mbili hazikuzungumza.

Huenda hili si langu kulisema, lakini nalisema. Bakteria yule yule wa kooni, kwa baadhi ya watoto, huamsha kingamwili zinazoshambulia mafundo ya chembe yaliyo ndani kabisa ya ubongo, na mtoto anaanza kurusha mikono na kukunja uso bila kutaka. Daktari Mwingereza Thomas Sydenham aliueleza ugonjwa huo 1686, na Wazungu wa zamani wakauita ngoma ya Mtakatifu Vitus. Mafundo hayo hayo ndiyo yanayoshughulika mtu anaposhika mdundo. Mna timu moja inayotafuta bakteria huyo kwenye makoo ya watoto, na timu nyingine inayochunguza mdundo kwenye ubongo wa bibi zao, kijiji kimoja, mwaka mmoja. Tulipowauliza wa kofia kama wanawafahamu wa vijiti, wakasema hiyo ni idara nyingine. Kwetu mtoto mwenye mikono inayorukaruka bila sababu anapelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Mngekaa pamoja nusu saa tu mngeweza kutuachia onyo moja lenye maana.

4. Sampuli na kumbukumbu ziko wapi?

Fomu inasema sampuli “zitahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye”. Wapi, kwa muda gani, na matumizi gani? Sampuli za binadamu hazitoki nchini bila mkataba maalumu wa kuzihamisha. Kama za kwetu zimetoka, tunaomba kuujua mkataba huo. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, na inampa mwenye taarifa haki ya kujua zinafanyiwa nini. Ninyi mna za aina zote mbili.

5. Nyimbo zetu.

Mlirekodi nindo, cipande na muheme kwa maikrofoni nzuri kuliko tulizowahi kuziona. Dunia imeujua muziki wa Wagogo kupitia mwanamuziki wetu marehemu Hukwe Zawose na wengine waliomfuata, kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba hauna thamani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi. Hatukusaini popote kwamba rekodi zitumike nje ya utafiti, na sisi wenyewe hatujapewa hata nakala ya kusikiliza.

6. Jeli.

Hili ni dogo, naliandika kwa sababu nimetumwa. Akina mama waliombwa kufumua nywele ili kofia ishike, wakapakwa jeli. Kiangazi kwetu ndoo ya maji inanunuliwa, na kusukwa upya ni pesa. Posho mliyotoa haikufidia nywele.

Najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimeshayasikia pale mapokezi.

Mtasema matokeo ya mtu mmoja mmoja hayatolewi, ni siri. Siri inamlinda mtoto dhidi ya watu wengine, haimlindi dhidi ya mama yake. Kwa kofia tunakubali. Tupeni ya kikundi kizima. Kwa koo lenye bakteria anayetibika, hapana. Mtasema pia kwamba watoto wengine humbeba bakteria huyo bila kuugua na hawahitaji dawa. Ni kweli kabisa, na hilo ndilo jibu lililopaswa kuletwa: mtoto wako anaye, hana dalili, akiumwa koo mlete zahanati mara moja.

Mtasema hamjachapisha bado. Sijui jarida linalomkataza mtafiti kumwambia mama hali ya koo la mwanawe. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani 1964 na kurekebishwa mara ya mwisho 2024, linataka washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla ya utafiti. Kamati ya maadili iliyowapa kibali inalijua azimio hilo kwa moyo, na bila shaka andiko lenu la mradi linalitaja ukurasa wa kwanza.

Mtasema fedha za mradi zimekwisha. Kutoka Dodoma mjini hadi Chamwino ni safari ya asubuhi na kurudi mchana, barabara ya lami, na magari mnayo. Kama kwenye bajeti kulikuwa na fungu la mrejesho, tuambieni lilikwenda wapi. Kama halikuwepo, mliahidi nini pale mkutanoni?

Na kuna lile ambalo halisemwi ila linaonekana usoni, kwamba wanakijiji hawataelewa. Hapo naomba nikujibu kwa mfano wa wasomi. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha jaribio dogo la California: wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri zaidi katika mtihani wa kufikiria maumbo, na faida hiyo ikaisha baada ya dakika 10 hadi 15. Hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja kwenye jaribio hilo. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, akaomba dola 105,000 za umma ili kila mtoto anayezaliwa jimboni mwake apewe rekodi ya muziki huo awe na akili. Aliyeshindwa kuelewa hapo hakuwa mkulima wa uwele wa Chamwino. Watu wanaojipangia sauti nyingi za nindo bila mtu wa kuwapungia mkono mbele hawatashindwa na mchoro wenye nguzo mbili, moja ndefu na moja fupi. Leteni Kiswahili chepesi, na kwa wazee mimi nitatafsiri kwa Kigogo.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Ndani ya siku 30, orodha ya watoto waliokutwa na bakteria wanaohitaji kufuatiliwa ifike kwa mganga wa zahanati yetu, kwa bahasha iliyofungwa, na kila mzazi aitwe peke yake. Orodha isisomwe mkutanoni. Pamoja nayo ije taarifa ya dawa zilizoshindwa na zinazofanya kazi.

(b) Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea aletwe kwa mzee wetu, au familia ielekezwe pa kumpeleka, na mgharimie ninyi. Mlipata kwake vya kutosha.

(c) Mkutano mmoja wa mrejesho kwa timu zote mbili, siku moja, meza moja. Waje waliokusanya wenyewe. Msitume ofisa uhusiano.

(d) Barua yenye majibu ya maswali ya kipengele cha 4.

(e) Nakala ya rekodi zote kwenye flashi, na maandishi ya makubaliano kuhusu matumizi yake.

Kuhusu jeli tumeamua kusamehe.

Wakati tunasubiri, mkutano wa kijiji umeiomba serikali ya kijiji isipokee timu nyingine ya utafiti kutoka kwenu, hata ikija na kibali kilichokamilika. Hatukufurahia kufikia hapo, maana kuna vijana wenu tuliowapenda na utafiti mwingine huenda ungetufaa. Siku 30 zikipita kimya, tutaandika kwa kamati ya maadili iliyowapa kibali, na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu kipengele cha 4. Barua hizo zimeshaandaliwa na Mtendaji amezisoma.

Mkiamua kuja, msije siku ya mnada, hamtampata mtu. Na njooni kabla ya mvua za Desemba. Zikishaanza kila mmoja yuko shambani na kipande cha njia ya kuingia kijijini kinakatika. Mkutano tutauweka saa nne asubuhi. Mkihitaji projekta njooni na jenereta yenu, ile ya mara ya kwanza ilifanya kazi vizuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha ngoma na wazazi wa watoto waliopimwa,
Wilaya ya Chamwino, Dodoma.

Nakala kwa:
Mganga Mkuu wa Wilaya
Mtendaji wa Kijiji
Mganga Mfawidhi wa Zahanati
Mke wa mzee wetu, atakayesomewa